Makuta ya unga si makuta ya nyumba

KOLWEZI. – Mwisho wa Juni mwaka juzi tulikuwa na mkutano wa sendika kambini. Ajenda ilikuwa juu ya primu na viatu vya usalama, mambo ya siku zote. Tulimaliza karibu saa kumi na moja ya jioni, watu wakaanza kusimama, na hapo mama mmoja, mke wa mwenzetu wa posti ya usiku, akainua mkono. Akasema: «Miye niko na batoto babili, mumoya iko na miaka kumi na ine, mwingine kumi na sita. Vakansi inaanza juma ijayo. Kama hamubaonyeshe kazi, batakwenda kusafisha mawe ku mto sawa benzao. Sendika inasema nini?»

Sendika haikusema kitu. Delege mmoja alijibu kwamba tutaona. Mama akaketi, sisi tukarudi nyumbani, na njiani hakuna aliyezungumza juu ya primu tena.

Maana jambo lenyewe tunalijua wote. Hapa kwetu mtoto hahitaji barua ya kuomba kazi ili apate makuta. Anachukua mfuko, anafuata wenzake kwenye remble au mtoni, anaokota, anaponda, anaosha, na jioni depo linamlipa palepale. Hakuna aliyempa mtaji. Anarudi na kilo ya unga mkononi, na nyumbani hakuna anayeuliza umetoka wapi. Hiyo ndiyo nguvu ya mawe: yanalipa leo. Mzazi anayetaka kumtoa mtoto kule kwa maneno matupu anajidanganya.

Sheria iko wazi. Sheria n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtia katika kazi mbaya zaidi. Kazi ya mgodi ni mojawapo ya hizo. Lakini sheria haipiki bukari. Na sisi tunaofanya kazi ya mgodi tuna aibu kuliko wengine: kazini tunadai maski ya vumbi, kofia na glavu, zikikosekana tunasimamisha kazi. Halafu mtoto wetu anaingia kwenye vumbi lilelile bila hata viatu, na sisi tunafumba macho.

Basi Jumapili iliyofuata wazazi kumi na wawili tulikaa tena, bila ajenda ya karatasi. Tuliamua kujaribu kuwasaidia watoto wetu wa miaka 13 mpaka 17 wafungue biashara ndogo, kila mmoja na yake. Wenzetu wa Likasi na wa Fungurume wametuuliza mara nyingi ilikwendaje. Tunaandika hapa tuliyoyaona, na ya kuonea haya pia.

Mtoto kuuzisha si jambo geni kwetu. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu tulizaliwa wakati mposho bado ulikuwa unatolewa: unga, samaki, mafuta, kila familia kwa hesabu ya watoto wake. Mama aliyeweka meza mbele ya mlango alionekana kama anamuaibisha bwana wake. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto ulianguka Septemba 1990, mwaka uliofuata ukaja uporaji, na shaba ya Katanga, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilipita tani 400 000 kwa mwaka, mwaka 1993 haikufika hata 50 000. Mishahara ikachelewa, mposho ukakatika. Ndipo mama zetu walipotoa meza nje, na sisi tukawa miguu yao. Tuliuzisha vitumbula mbele ya shule tuliyosomea sisi wenyewe, tukijificha nyuma ya beseni wakati mwalimu anapita.

Tulifanya hivyo miaka minne. Katika miaka hiyo yote hatukushika mtaji wetu hata siku moja. Kila tulicholeta jioni kililiwa usiku, na asubuhi mama alianza tena kukopa unga. Hatukulaumu, njaa ilikuwa njaa. Lakini ile haikuwa biashara. Ilikuwa kutafuta chakula kwa njia ndefu.

Mtoto wa kwanza kuanza katika kundi letu alikuwa binti wa miaka kumi na tano, na alianza na vitumbula, kwa sababu mama yake anavijua na sufuria ilikuwapo. Tutatoa hesabu yake kama mfano. Bei zinabadilika kila mara, dola inapanda na kushuka, vitu vingi vinapita Kasumbalesa. Kila mtu ahesabu na bei za soko lake.

Tuseme unga wa ngano, sukari, mafuta, levire na makala ya kupikia vinakula 20 000 FC. Vinatoka vitumbula 140, kimoja 200 FC, jumla 28 000. Mtoto anaona 28 000 na anafikiri amepata 28 000. Baba yake anaona 28 000 na anafikiri vilevile. Kumbe faida ni 8 000 tu, na hapo bado. Vitumbula kumi vimeliwa na wadogo zake: 2 000 zimekwenda. Sita vimechukuliwa na jirani «mpaka ku mushahara»: 1 200. Zinabaki 4 800. Na hiyo ni kama makala yamehesabiwa. Wengi wanachukua makala ya mama jikoni bila kuandika, halafu wanasifu faida. Kumbe mama ndiye anayelipa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa kaye na biki. Ukurasa wa kushoto, makuta yaliyotoka. Ukurasa wa kulia, makuta yaliyoingia. Vilivyoliwa vinaandikwa pia, kama vile vimeuzwa kwa mtu wa nyumba. Halafu makopo mawili yenye kifuniko. Jioni, kabla ya kitu kingine chochote, 20 000 zinaingia katika kopo la unga. Kinachobaki kinaingia katika kopo la faida. Kopo la faida mtoto anaweza kulifungua: kaye za shule, sabuni, viatu, mchango kidogo kwa mama kama anataka mwenyewe. Kopo la unga linafunguliwa sokoni tu.

Deni lilituumiza kuliko tulivyofikiri. Kambi nzima inaishi kwa deni mpaka siku ya mshahara, na sisi wakubwa tumezoea. Lakini mtoto hawezi kumwambia papa mkubwa kwamba hajalipa. Anapita mbele ya mlango wake, anasalimia, anainama, anaendelea. Ni heshima, na heshima hiyo inamfilisi. Kijana mmoja wetu alifunga biashara yake ya mayai ya kuchemsha kwa ajili ya watu wanne tu, wote wanaume wenye kontra ya kazi. Tangu hapo tulikubaliana kwamba mtoto hatoi deni. Mtu akiomba, jibu ni moja: «Mama njo anajua.» Na mama akitaka kukopesha, anaweka makuta yake kwanza katika kopo la mtoto, deni linakuwa lake.

Vijana wawili walichagua makala kwa kadogo. Wananunua mfuko mmoja mkubwa kwa mwenye kuleta, wanaugawa katika vifuko vya kupika mara moja, wanauzisha mbele ya parsele. Kazi ni chafu lakini haiozi. Kisichouzwa leo kitauzwa kesho, na wakati wa mvua, makala makavu yanapokuwa haba, bei inapanda. Aliyeweza kuweka mifuko miwili chini ya bati mwezi wa Oktoba alicheka mwezi wa Januari. Ubaya wake ni mizigo: mtoto wa miaka 13 hapaswi kubeba mfuko mzima kichwani. Tunaomba wa pousse-pousse aufikishe, na bei yake inaandikwa katika kaye.

Lengalenga ndiyo iliyotushangaza. Katika wiki tatu au nne mtoto ameshaanza kukata, na akikata vizuri bila kung'oa, mmea unachipua tena. Tuta la upana wa mita moja linatosha kwa mkono kufika katikati bila kukanyaga. Mbegu ni ndogo kama vumbi, basi changanyeni na mchanga mkavu ili zisianguke rundo moja. Samadi ya mbuzi au ya kuku iwe imeoza vizuri, mbichi inachoma mizizi. Maji asubuhi na jioni. Wakati wa kiangazi, majani ya mboga yanapokuwa ghali, mwenye kisima karibu anauzisha kila siku. Mtaji wa kuanza ni mdogo kuliko wa vitumbula. Kinachotakiwa ni mgongo na kutochoka kuteka maji.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana sisi si watu wa kijijini, tunakaa kati ya migodi. Bustani isiwekwe kwenye udongo wa remble, wala pembeni ya mto unaopokea maji ya kiwanda, hata kama maji yanaonekana masafi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi sana katika mkojo. Majani yanabeba vumbi la barabara ya malori na yanavuta vitu vya udongoni. Tulimkataza kijana mmoja kulima nyuma ya ukuta wa kiwanda, na alikasirika sana, kwa sababu pale udongo ulikuwa na maji mwaka mzima na hakuna aliyemdai kodi. Tukamtafutia kipande katika parsele ya parokia. Ni mbali, ni kweli. Anakwenda na kinga ya bibi yake.

Mengine tupite haraka. Kusuka nywele kunawafaa mabinti kwa sababu mtaji uko katika vidole, na mteja analeta meshi zake mwenyewe. Kunyoa ni kuzuri pia, lakini mashine ikiungua biashara imekufa, na umeme wetu mnaujua. Kuuzisha unite za telefone faida yake ni ndogo sana kwa anayeanza, tena namba lazima iandikwe kwa jina la mkubwa, sababu mtoto hana kadi ya mpiga kura. Sabuni ya soda tunaikataa chini ya miaka 16: soda inatoboa macho. Kuku wa nyama wanatoka katika wiki sita, saba, na wengi wanavutiwa. Sisi tulipoteza kuku thelathini katika siku nne kwa sababu hatukuwapa chanjo. Asiye na makuta ya chanjo asinunue vifaranga.

Na msianze mtoto kwa banque Lambert. Tunasema hivi kwa sababu mmoja wetu alifanya hivyo. Ukichukua 50 000 na kurudisha 75 000 mwisho wa mwezi, hakuna kitumbula duniani kitakachofunga pengo hilo. Sisi tulitumia likelemba. Wazazi kumi na wawili, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na zamu ikifika makuta yanakwenda moja kwa moja kununua vitu sokoni, mzazi na mtoto pamoja. Hatukuwa tunatoa makuta mkononi. Waliotucheka kwa jambo hilo baadaye walituomba namna tulivyofanya.

Juu ya shule hatukuwa na majadiliano marefu. Anayesoma asubuhi anauzisha mchana, anayesoma mchana anauzisha asubuhi, na siku za mtihani meza inafungwa. Tuliona mtoto anayeamka saa tisa ya usiku kukanda unga: darasani alikuwa analala. Sasa anakanda jioni, unga unaumuka usiku, anapika saa kumi na moja na nusu na mama yake. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini katika sekondari minervali zinatuvunja mgongo kila muhula, na watoto wengi katika kundi letu wanasema wazi kwamba kopo lao la faida ni la kumaliza umaniti na kulipa eksamen d'Etat. Hatukuwafundisha kusema hivyo.

Juu ya mabinti tutasema neno moja gumu. Kuna wazazi wanaowatuma wauzishe maji na vitumbula kwenye mlango wa kariere, sababu pale wanaume wana makuta na hawabishani bei. Ndiyo, beseni linaisha haraka. Na tunajua wote mabinti wangapi wamerudi kutoka kule na mimba. Kwetu kanuni ni kwamba binti anauzisha pale ambapo mama yake akiita atasikika.

Si wote katika sendika waliofurahi. Mwenzetu mmoja wa zamani, mtu tunayemheshimu, alisimama na kusema: «Sendika haikuzaliwa juu ya kuuzisha vitumbula. Baba akilipwa vizuri, mutoto atakaa ku shule. Ninyi munafundisha patro kwamba anaweza kulipa kidogo, sababu mutoto atajaza.» Watu walipiga makofi, na sisi hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa na haki. Tulifikiri juu yake juma zima. Kisha tukarudi na kumwambia: ni kweli, na ndiyo maana faida ya mtoto haitaingia katika bukari ya nyumba. Bukari ni deni la mshahara wa baba, na mshahara ni deni la kompani. Tukianza kulisha nyumba na kopo la mtoto, siku ya majadiliano tutakaa mbele ya patro tukiwa tumeshiba kwa jasho la mtoto wa miaka kumi na nne, na tutasema nini? Alituangalia, akatikisa kichwa. Hatujui kama alikubali. Lakini mwezi uliofuata alileta mjukuu wake.

Kusema ni rahisi. Sasa tueleze yaliyotokea katika nyumba yetu wenyewe.

Binti yule wa vitumbula tuliyetoa hesabu yake ni mtoto wetu. Mwezi wa Machi mwaka jana kompani ya sutretansi iliyokuwa imetuajiri wakati ule ilichelewesha mshahara majuma matano. Katikati ya hayo ikaja habari ya kilio Likasi, upande wa mama yetu. Mtu hawezi kwenda kwenye kilio mikono mitupu. Usiku, watoto wakiwa wamelala, tulifungua kopo la unga. Halikuwa na 20 000 tena. Kwa kuongeza kidogo kidogo lilikuwa limefika 46 000. Tulichukua zote. Tulijiambia kwamba baba kukopa kwa mtoto wake si wizi, na kwamba mshahara ukitoka tutarudisha hata na nyongeza.

Asubuhi alikuja na kopo mkononi.

«Papa, makuta yangu iko wapi?»

«Nilipeleka ku kilio. Faida utapata ingine, ntakurudishia ku mwisho wa mwezi.»

«Ile haikuwa faida, papa. Ile ilikuwa unga ya kesho.»

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliweka kopo juu ya meza, akavaa yunifomu, akaenda shuleni. Mshahara ulipotoka ulikuta madeni matano yakingoja mlangoni, na la mtoto lilikuwa la sita. Mwezi wa Aprili ukapita, wa Mei pia. Meza yake ilikaa nyuma ya nyumba, mvua ya mwisho ikaipinda mbao.

Mwezi wa Juni tulitoka posti ya usiku, tukapita njia ya mtoni ili kufupisha safari. Kati ya watoto waliokuwa ndani ya maji mpaka magotini tulimwona kaka yake mdogo, wa miaka kumi na tatu. Alikuwa anashikilia mfuko wakati wengine wanamimina. Alituona naye. Hakukimbia. Tulimuuliza nani amemtuma, akasema hakuna. Alikuwa anatafuta makuta ya kumrudishia dada yake, kwa sababu alichoka kumwona amekaa tu.

Sisi ndio tuliokuwa tukisimama mbele ya wenzetu kila Jumapili tukieleza habari za makopo mawili.

Tulisimulia yote katika mkutano uliofuata, na haikuwa rahisi. Baba wawili wengine wakasema na wao walifungua makopo ya watoto wao, mmoja mara tatu. Tulipohesabu, karibu nusu ya biashara zilizokufa katika kundi letu hazikuuawa na soko wala na deni la jirani, ziliuawa na sisi. Mama yule aliyeuliza swali la kwanza alikuwapo. Hakusema kitu. Wanawe wawili bado wanauzisha makala, kopo lao analilalia yeye mwenyewe.

Binti yetu alianza tena mwezi wa Agosti. Mtaji ulitoka katika zamu ya likelemba ya mama yake. Wetu tulirudisha polepole, 10 000 kwa mwezi, na kila mara alituandikia katika kaye, ukurasa wa kulia, tarehe na jina: Papa. Malipo ya mwisho yalikuwa Desemba. Siku hizi amefika unga wa mfuko mzima, na mdogo wake anampelekea beseni shuleni baada ya masomo, kwa malipo yaliyoandikwa.

Anatusalimia vizuri, anatuwekea vitumbula viwili juu ya sahani kila asubuhi tukitoka kazini, na anaviandika. Lakini kopo la unga haliko kwetu nyumbani. Liko kwa mama jirani, mlango wa tatu upande wa kushoto, na hajatuambia atalirudisha lini.